Uwanja Uliolaliwa na Malori

Nilimsikia kabla sijamwona. Ti. Kimya. Ti. Kimya. Ti. Halafu, mbele kidogo, dup. Na baada ya dup kimya kikawa kirefu, kama cha mtu aliyeuliza swali na sasa anasubiri ajibiwe. Nilikuwa bado kitandani nyumbani kwa wazazi wangu, Tunduma, pazia limefungwa, nikijaribu kubahatisha ni nini. Haikuwa nyundo wala jembe. Nikaamka, nikavuta pazia.

Uwanjani alikuwepo mwanamume peku, suruali kaikunja hadi magotini, mkononi ana mtaimbo. Aliunyanyua hadi usawa wa kifua, akauachia uanguke kwa uzito wake, akainamisha kichwa kusikiliza. Akasogea nusu hatua. Akauachia tena. Baba alikuwa nyuma yake, koti la baridi kalifunga vifungo vyote, mikono kiunoni, uso wa mtu ambaye gari lake linakaguliwa na askari.

Huyo ndiye fundi tuliyemwita kutoka Ikinga, kule milimani Ileje. Kazi yake ilikuwa kutandaza upya vitofali vya pevingi kutoka mlango wa mbele hadi getini, hatua kama arobaini. Nasema upya kwa sababu mara ya kwanza baba alivitandaza mwenyewe.

Uwanja wetu, kabla haujawa uwanja wa nyumba, ulikuwa maegesho. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, ikizidi, wenye viwanja vikubwa hufungua mageti. Baba alifungua letu nikiwa sijaanza shule. Nimekulia kati ya matairi yaliyonizidi urefu. Madereva walipika ugali chini ya trela, walifua, waliombea chakula kwa lugha ambazo sikuzijua, na asubuhi waliamshwa na mama akiimba jikoni huku anachoma maandazi. Mama ndiye aliyefundisha kwaya ya akina mama kanisani. Alikuwa na sauti ya pili iliyonyooka, sauti ya kuegemewa na wengine.

Baadaye yalifunguliwa maegesho makubwa nje ya mji, malori yakapungua, baba akafunga geti kubwa na kuacha ule mlango mdogo wa kupita watu. Kisha sukari ikachukua mguu wa kulia wa mama, chini ya goti. Alilazwa Mbeya. Wakati yuko huko, baba alinunua vitofali, akamwaga mchanga juu ya uwanja kama ulivyokuwa, akavipanga. Alinitumia picha: vyekundu na vya kijivu, vimenyooka kama daftari la mwanafunzi hodari. Alimaliza siku moja kabla ya mama kurudi na kiti chake cha magurudumu.

Hiyo ilikuwa kiangazi. Mvua zilipoanza, vitofali vilibonyea na kuvimba kama godoro kuukuu. Jumamosi moja mama alikuwa anarudi kutoka mazoezini, wenzake wa kwaya wakimsindikiza. Gurudumu dogo la mbele likaingia kwenye shimo, kiti kikapinduka, akaangukia viganja. Hakuvunjika kitu. Lakini walimbeba, wanawake wanne, kila mmoja na upande wake, wakamwingiza ndani huku wakimwambia pole, pole, pole.

Tangu siku hiyo hakutoka. Wenzake walihamishia mazoezi sebuleni kwetu mara mbili. Mara ya tatu aliwaambia wasije. Mimi nilirudi nyumbani kukaa naye, kwa kuwa kazi yangu ya kuandika inabebeka kwenye begi. Nikamwambia tutamsukuma, tutambeba, tutaita bajaji hadi mlangoni.

"Nikibebwa mara ya pili mtazoea," alisema. "Na mimi nitazoea. Nitatoka siku nitakayotoka mwenyewe."

Hakuimba pia. Jikoni kulikuwa na sauti ya sufuria tu.

Kwa hiyo asubuhi ile, nilipotoka nje na kusimama kando ya baba, nilijua mtaimbo ule unatafuta nini.

"Mzee," fundi alisema, "hapa hakuna ardhi."

"Hakuna ardhi? Sasa umesimama juu ya nini?"

"Juu ya ngozi. Chini ni tumbo."

Baba alicheka kwa pua. "Fundi, sikiliza. Hapa yamelala malori miaka na miaka. Semi zimejaa shaba, tani thelathini. Na wewe na hicho kichuma chako unataka kushindilia kuliko semi?"

"Yalilala wapi?"

"Si hapa hapa!"

"Yalilala au yalitembea?"

"Yaliingia, yakapaki, yakalala. Lori linacheza dansi?"

Fundi akaenda hatua tatu kulia, akauachia mtaimbo. Ti. "Hapa palikuwa na matairi." Akasogea. Ti. "Hapa pia." Akarudi katikati. Dup. "Hapa palikuwa na nini?"

Fundi akaunyanyua mtaimbo juu ya kichwa na kuushusha kwa nguvu. Uliingia hadi kina cha kiwiko, ukasimama wenyewe bila kutikisika, kama umepandwa.

"Ninyi watu wa milimani," baba alisema, "mkikaribishwa sebuleni mtatoboa sakafu mtafute viazi."

"Na ninyi wa mpakani mkipewa bustani mtapaki semi kwenye mchicha."

"Mwache achimbe!" Mama alikuwa amefungua dirisha la jikoni. "Baba, mwache mwenzio achimbe. Aliyeanguka ni mimi, siyo semi."

Tuling'oa vitofali, tukavipanga ukutani, tukaanza kuchimba. Fundi alitaka kina cha goti katika upana wote wa njia. Yeye na baba walishika sururu, mimi nikashika chepe na toroli. Kwenye mistari ya magurudumu sururu ilidunda na kurudi. Katikati ya mistari ilizama, na ikitoka ilitoka na vitu.

Yalitoka magunia yaliyooza. Zikatoka pumba za mahindi zilizogeuka unga mweusi, na maganda ya kahawa, mengi, tabaka zima, yenye harufu ya uchachu; nikakumbuka fuso zilizokuwa zikishuka kutoka Iyula msimu wa mavuno. Vilitoka vipande vya tairi, majivu, ndala moja ya mguu wa kushoto, na kamba ya bluu ya turubai iliyokuwa bado nzima. Kila kitu kilikuwa kwenye vishimo vilivyopangana, na kila kishimo kilikuwa na umbo la mahali ambapo lori liliteleza nje ya mistari na kukwama mwaka fulani wa mvua.

Mwanzoni baba alikuwa na maneno kwa kila kinachotoka. "Hao ni madereva, wachafu sana." "Hiyo utingo mmoja alitupa, namkumbuka." Kadiri tulivyoshuka alipunguza. Kisha sururu ya fundi ikagonga mbao. Wakaivuta pamoja. Ilikuwa kubwa, imeoza pembeni, ina bawaba moja, na katikati imebaki rangi ya kijani.

Dirishani mama aliiangalia kwa muda.

"Ule mlango wa jikoni," alisema.

Baba alifuta jasho.

"Uliniambia umeibiwa."

"Mama..."

"Nilikaa na pazia jikoni mwezi mzima. Mbuzi wa jirani alikuwa anaingia kuonja mboga. Nikaenda kanisani nikamwombea aliyeiba atubu!"

Fundi aligeuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Mimi sikujizuia, nikacheka hadi nikakaa kwenye toroli. Baba alisubiri tumalize.

"Lori lilizama," alisema. "Dereva alisema likitoka anahamia kwa jirani na wenzake wote. Nikang'oa kilichokuwa karibu." Akaangalia lile shimo. "Kila mvua nilijaza. Nilichopata nilijaza. Juu nikaweka udongo, malori yakapita, pakawa pagumu. Nilifikiri semi zimeshavisaga huko chini."

"Na ulipotandaza vitofali?" nikamuuliza. "Ulijua vimo?"

"Nilijua." Alisema kwa sauti ndogo, lakini dirisha lilikuwa wazi. "Ningechimba, angerudi akute mashimo. Nilikuwa na wiki tatu tu. Nilitaka akifika akute kuna njia."

Kichwa cha mama kikaondoka dirishani, na baada ya muda nikasikia kiberiti. Alituletea chai hadi kizingitini mwa mlango wa mbele, vikombe vitatu kwenye sinia mapajani. Cha baba alikuwa amekitia tangawizi. Hakuvuka kizingiti.

Siku mbili tulichimba hadi tukafikia udongo usio na kitu ndani yake, mwekundu, unaonata kwenye sururu. Fundi akapita na mtaimbo. Ti, ti, ti. Palipolia dup tukachimba tena.

Lori la kwanza la moramu, ule udongo wa kujazia, fundi alilirudisha. Alichota konzi moja, akaimwagia maji kidogo, akaifinya, akafungua kiganja. Kilikuwa kimepakwa tope hadi kwenye mistari. "Huu ni wa kufinyangia chungu," akamwambia dereva. "Niletee wenye mchanga na vijiwe." Baba alikasirika kwa sababu ya siku inayopotea. Mwezi Oktoba ulikuwa unaelekea ukingoni, na alasiri mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Zambia. Moramu ya pili ilifika kesho yake. Ilikubali kushika umbo la ngumi na ikauacha mkono karibu safi.

"Tumwage yote," baba alisema, "halafu ndiyo tushindilie."

"Mzee, ukimwaga yote utatengeneza ngozi nyingine."

Alitaka imwagwe kwa unene wa kiganja kilichosimama. Kiganja, maji, kushindilia. Kiganja kingine, maji, kushindilia. Maji yasiwe mengi. Moramu ilowe kama udongo wa asubuhi yenye umande, isiwe uji. Kompakta, mashine ya kushindilia tuliyokodi mjini, ilinguruma kwenye tabaka la kwanza, ikakohoa, ikazima, na haikuwaka tena. Fundi hakuonekana kushangaa. Alichukua gogo fupi nene, akalivika bamba la chuma chini, akalipigilia mpini wa kukingama juu, ili watu wawili washike, mmoja huku mmoja kule.

Yeye na baba wakaanza kuinua na kuachia. Hawakupatana. Mmoja alianza kabla ya mwenzake, gogo likatua kiubavu, likaacha alama za mwezi mchanga kwenye moramu.

"Mzee unavuta!"

"Wewe ndiye unasukuma!"

Hapo ndipo tuliposikia kutoka jikoni. Kwanza ulikuwa mvumo wa mdomo uliofungwa, wa kuhesabia, kama anaowapa wanakwaya kabla ya kuanza. Kisha akaimba. Ulikuwa wimbo wa mavuno ambao akina mama huimba wakileta mahindi madhabahuni, wa mwendo wa kutembea. Gogo likapanda kwenye neno la kwanza, likashuka kwenye la pili. Nilisimama na ndoo yangu ya maji nikashindwa kumwaga. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miezi.

"Baba, umechelewa," alisema katikati ya ubeti, kisha akaendelea.

Wakashindilia hadi saa kumi. Kesho yake pia, na kesho kutwa.

Tabaka la mwisho lilipokwisha, fundi alimgeukia baba. "Sasa, mzee. Leta semi yako."

Baba alidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Alimpigia simu dereva wa zamani, wa upande wa pili, aliyekuwa kwenye foleni na mzigo wake. Dereva alifika na kichwa na trela, akashuka, akaenda moja kwa moja dirishani. "Mulishani, bamayo?" akamwamkia mama kwa Kibemba, akipiga makofi taratibu kama wanavyofanya kwao. "Maandazi yapo?"

"Bwino. Fanya kazi kwanza," mama alimjibu.

Fundi alieleza anachotaka: lori lisilale. Lipite polepole, lirudi nyuma, na kila likipita lisogee upana wa tairi moja, mpaka kusiwe na mahali palipobaki bila kukanyagwa. Basi baba akapata kazi anayoijua. Alisimama mbele ya semi, mikono juu, akawa tena yule mtu wa utoto wangu. "Njoo. Njoo. Kata kulia. Kata! Rudisha. Njoo, njoo... Simama!" Dereva alimtii kama zamani. Geti kubwa lilikuwa wazi na majirani walikuja kutazama lori linaloingia na kutoka bila kupaki.

Lilipoondoka, fundi hakuchukua mtaimbo. Alimpa baba. Baba akavua viatu, akapita uwanja mzima, akiachia na kuinamisha kichwa. Ti. Ti. Ti. Karibu na geti ikalia dup, ndogo. Akatuangalia. Akaenda mwenyewe kuchukua sururu.

Lililobaki lilikuwa mteremko, maji ya mvua yapate pa kwenda. Fundi alishapanga: njia nzima iinamie kushoto, kwenye mtaro, tofauti ya vidole vitatu kwa kila hatua. Alikuwa amevuta nyuzi.

"Fundi," mama aliita kutoka kizingitini. "Umewahi kukaa kwenye hiki kiti?"

"Hapana, mama."

"Basi kijaribu kwanza."

Alihamia kwenye stuli. Kikiwa kitupu kiti kisingesema ukweli, kwa hiyo fundi akakipakia gunia la mahindi na kulifunga kwa ile kamba ya bluu.

"Umeona mimi ni gunia?"

"Gunia halinifokei, mama."

Akakisukuma kidogo juu ya moramu, akakiachia. Kilikwenda hatua mbili kikiwa kimenyooka, kikaanza kukata kushoto, kikazidi, kikaingia mtaroni na gunia likalala kifudifudi.

"Hapo ndipo nilipokuwa naelekea," mama alisema. "Mkono wa kushoto ndio unaoshika kiti kisiende bondeni. Nikifika getini hauna nguvu ya kufungua mlango. Mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza."

Hakumtazama baba alipolisema hilo, na baba alikuwa akikusanya mahindi yaliyomwagika, punje kwa punje, ingawa kuku wangeyamaliza. Fundi alikaa chini na kufikiri. Kisha akashusha nyuzi, akakwangua, akapunguza mteremko hadi kidole kimoja. Akarudisha gunia, akasukuma. Kiti kikanyooka hadi kikasimama chenyewe. Wakarudia mara tano. Mama aliyekuwa akitoa maagizo kwenye stuli alikuwa amechangamka kama mwalimu wakati wa mtihani.

Kingo za zege zikasimamishwa, mchanga ukalazwa mwembamba na kunyooshwa kwa ubao, vitofali vikarudi: vilevile, vyekundu na vya kijivu. Fundi alikata kizingiti cha chuma cha mlango mdogo wa geti na kufikisha vitofali hadi nje, barabarani. Kamba ya bluu alimwachia baba. Baba aliifunga upande wa nje wa mlango ule, usawa wa mtu aliyekaa, ili anayetoka na kiti aweze kuuvuta ujifunge.

Kila kitu kilikuwa tayari, na mama hakutoka.

"Mvua kwanza," alisema. "Hata mara ya kwanza vitofali vilipendeza wakati wa kiangazi."

Tulisubiri siku kumi na moja. Mvua ikaja Ijumaa mchana, ile ya Tunduma inayopiga mabati hadi watu mnaongea kwa mikono, ikanyesha hadi jioni. Asubuhi baba alitangulia nje. Nilimwona amepiga magoti, shavu karibu na vitofali, akitazama kutoka huku hadi kule jinsi vilivyolala. Akaingia ndani, magoti yamelowa.

"Hakuna dimbwi," alisema.

Mama alimaliza chai yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya. Mazoezi ni Jumamosi saa nne. Nilinyanyuka kwenda kushika mipini ya kiti. Aliiangalia mikono yangu, nikaikunja kifuani.

Akavuka kizingiti. Magurudumu yalipita juu ya viungo vya vitofali, ti ti ti ti, kidogokidogo, kwa mwendo mmoja. Baba alisimama mlangoni, kikombe kimepoa mkononi. Mama alipofika pale alipoangukia alisimama. Akaegemea kushoto kwa uzito wake wote, akarudi, akaegemea kulia, kama mtu anayejaribu kitanda dukani. Kisha akaendelea.

Getini alishusha komeo, akarudisha kiti nyuma, akauvuta mlango kwake. Baba akapiga hatua moja. Nilimshika koti.

Mama alipita. Tuliona mkono wake ukirudi kutafuta kamba ya bluu. Ikakaza, na mlango ukafungwa nyuma yake.